Kigogota wa Dirishani kwa Shangazi

Kupiga watu picha ndiyo kazi yangu, na naijua. Studio yangu ni chumba kimoja, stuli na pazia jeupe, na anayeingia humo, awe mkubwa wa nani, hukaa ninavyotaka mimi: kidevu juu, macho kwangu, masikio yote mawili yaonekane. Mbishi namshika kidevu namgeuza. Hakuna pasipoti iliyowahi kukataliwa kwa sababu ya picha yangu. Sijisifu, nasema yaliyopo.

Basi mwenye nyumba aliposema Jumamosi analeta fundi wa msumeno aangushe mti mkavu ulioko uani, sikutetemeka. Nilikasirika tu.

Mti ule ulikuwa ubavuni mwa dirisha la shangazi yangu, dada wa baba, ninayekaa naye tangu apatwe na kiharusi. Kiharusi kilimlegeza mkono wa kushoto na mguu, kikampinda mdomo. Toka hapo sisi ndugu tukawa tunamwamulia kila kitu, alale chumba gani, nani aingie kumwona. Yeye kimya, anatazama nje. Mle mtini vigogota wawili walikuwa wametoboa tundu lao, na kitu pekee kilichomchekesha shangazi ni yule dume mwenye utosi mwekundu, anayegonga mti kwa kichwa mchana kutwa wala hamezi dawa. Mti ukianguka, shangazi angebaki na ukuta. Wazo hilo lilinikosesha raha.

“Umekauka, utaangukia paa,” mwenye nyumba alisema. “Ndege ana mabawa, atahama.”

“Ana makinda humo!”

“Umeyaona?”

“Nayasikia.”

“Kusikia si kuona. Niletee picha anawalisha, nitangoja mpaka waruke. La sivyo, Jumamosi nakata.”

“Hesabu umeshaipata,” nikamwambia. “Tena ya rangi.”

Mdomo wangu hauna breki, lakini mikono yangu haijawahi kuniangusha. Nikafunga studio, nikasimamisha kamera uani, nikiielekeza kwenye tundu. Kigogota akija, ananipa mgongo. Nikawa nangoja anigeukie. Akigeuka, macho yote mawili kwangu, kichwa kimenyooka, pa! Picha safi, kali, ungeweza kuibandika kwenye kitambulisho. Nikaenda nayo kwa mwenye nyumba kifua mbele.

Akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena. “Huyu mbona amekodoa macho kama mtu aliyefumaniwa? Mdomo wake uko wapi? Hicho chakula kiko wapi?”

Nikaangalia. Lahaula! Mdomo ulikuwa nukta nyeusi katikati ya manyoya. Nikarudi nyumbani nimevimba, nikamtupia shangazi picha kitandani.

Alicheka hadi kitanda kikalia. “Umempiga ya pasipoti!” Maneno yake yalitoka polepole, upande mmoja wa mdomo. “Ndege si mteja, mwanangu. Mdomo wake unauona ubavuni. Mimi hapa nilipolala namwona na mabuu yake, na vichwa vya watoto vinachomoza.”

Kumbe miaka yote nawageuza watu, na sasa wa kugeuka nilikuwa mimi. Siku ya pili nikaleta kamera chumbani, nikajipenyeza kati ya kitanda na dirisha. Kigogota akaniona, akapiga kelele, akapotea. Nikarudia, akapotea tena.

“Toka hapo,” shangazi akasema. “Wewe hakujui. Mimi ameshanizoea.”

Nikaiweka kamera juu ya mto, kando ya shavu lake, nikafunga ule waya ninaoutumia kufyatulia nikiwa mbali, nikampa kitufe kwenye mkono wa kulia. Mimi nikajikunyata sakafuni.

“Ametua?” nikanong'ona.

“Bado.”

“Piga basi, ataondoka!”

“Hebu nyamaza! Kwanza huzunguka shina.”

Mimi, kwenye kamera yangu mwenyewe, naambiwa ninyamaze! Nikanyamaza. Kamera ikalia, ikalia tena. Nilipoinua kichwa kutazama kioo chake, nilipiga yowe: kigogota ubavu mzima, buu nono limening'inia mdomoni, na chini yake makinda yameachama.

Jumamosi mwenye nyumba alikuja na fundi wake. Nikamwonyesha picha, akavuta pumzi, akamwambia fundi aende zake na msumeno wake. Kwa hilo nampa haki yake, neno lake alilitimiza.

Makinda yakakua, yakaruka. Wazazi wakabaki, wakirudi tunduni kulala. Ndipo mwenye nyumba akaja studio. “Watoto wamekwenda. Sasa nakata.”

Nilikuwa na maneno ya kujaza debe. Nikayameza. “Picha ile sikupiga mimi. Alipiga shangazi. Kaongee naye mwenyewe.”

Tukafuatana nyumbani. Akaingia chumbani mwa shangazi, akavua kofia, akavuta kiti. “Mama, nimekuja kukuuliza habari ya ule mti.”

Shangazi akaanza kutafuta neno. Nilikwisha kufungua mdomo nimjibie, kama tulivyozoea sote. Nikauma ulimi. Mwenye nyumba akangoja, wala hakutazama saa.

“Kata matawi,” shangazi akasema mwishowe. “Hayo ndiyo yanaelekea paani. Shina liache. Tundu usiliguse.”

“Na shina likianguka?”

“Fupi hivyo, litaanguka uani. Utaokota kuni.”

Mwenye nyumba alichungulia dirishani, akapima kwa macho, akacheka. “Haya, mama. Litabaki.” Akampa mkono, akatoka.

Nikamkumbatia shangazi, nikamwambia nimefurahi mno, nikachukua bakuli nikamletee uji wake wa jioni.

“Sitaki uji,” akasema.

“Hujisikii vizuri?”

“Najisikia vizuri sana. Uji siupendi.”

“Tangu lini, shangazi?”

“Tangu mlipoanza kunipa.”

Nikasimama pale na bakuli mkononi, machozi yananitoka. Kisha nikakaa kwenye kile kiti cha mwenye nyumba, nikamuuliza anataka kula nini.