Sampuli ya Mjomba

Mara ya kwanza mjomba alileta kiganja cha mahindi ya juu ya gunia. Mara ya pili aliyachambua punje moja moja, kama mchele wa wageni. Mpwa wake, mpimaji wa sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, kwenye kiwanda cha unga, alimweleza mpaka koo likamkauka: chota juu, katikati na chini, mabovu kwa mazima, changanya, ndipo ulete. Yote yaliingia sikio hili yakatokea la pili.

Leo kaja na mfuko wa mahindi meupe pe. Mpimaji akayasaga, akayapima. Safi kabisa, hayana sumu hata chembe. Akamtazama mjomba kwa macho ya mtu aliyechoka kuwa na adabu.

"Mjomba, juzi nimeliona ghala lako. Paa linavuja, magunia yamelowa. Haya umeyachota gunia lipi?"

"Gunia gani, mwanangu? Nimenunua dukani. Yale yetu yameota ukungu, ningekuaibisha mbele ya wenzako."

"Na hayo yenu yako wapi?"

"Nimempelekea mama yako asubuhi," alisema mjomba. "Si nilijua majibu yatakuwa safi."