Kiazi cha Chiriku

Fundi wa kuchomelea mageti alikuwa na binti mwenye usonji, asiyetamka neno, na mama yake kwa utani akamwita Chiriku. Chiriku alikula wali mweupe tu, mkavu, usioguswa na mchuzi. Mama alikuwa akimzoesha vyakula vingine pole pole, kama alivyofundishwa na mtaalamu wa kituo cha watoto wenye usonji. Sasa mama yu kaburini, na fundi alipokwenda kituoni kuuliza, alikuta chumba cha mtaalamu kimegeuzwa stoo ya viti vya mikutano. Wakubwa wa kituo, mtoto wa mwenzao kwao ni moshi upitao.

Ndipo akajitia ujanja. Akaponda yai la kuchemsha, akalificha ndani ya wali. Chiriku akatia kijiko kimoja mdomoni, akatema. Tangu hapo hata wali mtupu akaukataa. Mashavu yakaanza kubonyea.

Mdogo wa marehemu, shemeji yake fundi, akaja mbio.

"Shemeji, umemtilia nini mtoto?"

"Yai. Sikumtilia sumu."

"Alikuwa anakiamini chakula kimoja dunia nzima, nawe ukakichafua."

"Wale wa kituo wangenifundisha..."

"Wa kituo wana yao, watajibu. Yai hawakuponda wao. Dada alikuwa hafichi kitu. Kipya anakiweka kisahani cha pembeni, anakionja yeye kwanza, halafu ananyamaza. Wewe kunyamaza utaweza?"

"Nimefiwa, shemeji. Nina kazi gani nyingine?"

Jioni shemeji alipika wali mbele ya Chiriku, mtoto akaona kila kilichoingia sufuriani. Fundi akaweka kipande cha kiazi kwenye kisahani cha pembeni, akasahau kukionja, akainamia sahani yake. Chiriku akanusa wali. Akala punje moja. Kisha kijiko. Fundi akaendelea kula.

Mkono mdogo ukaenda kwenye kiazi. Chiriku akakinusa, akashuka, akazunguka meza, akakiweka mbele ya kiti cha mama yake. Akasimama pale akingoja kionjwe.

Shemeji akageuza uso ukutani.

Fundi akanyanyuka. Kiti kile hakuna aliyekikalia tangu msiba. Akakikalia, akamega kiazi, akatafuna. Chiriku akamtazama, akatazama mlango, akamtazama tena. Kisha akachukua kipande kilichobaki, akakirudisha kwenye kisahani chake taratibu, akaendelea na wali.

"Kesho tena, shemeji," mdogo wa marehemu akanong'ona.

Fundi akaitikia kwa kichwa. Kiazi kilikuwa bado mdomoni, hakishuki.