Mashavu ya Bi Mafua

Kila asubuhi, kabla ya kushika sindano, Bi Mafua alijifunga kipande cha kitambaa cha godoro kwenye mkono wa kushoto ili asihangaike kutafuta cha kufutia pua. Kazi yake ilikuwa kushona kingo za magodoro ya sufi. Meza yake ilikuwa mlangoni mwa chumba cha kujazia, ambako vumbi la sufi lilielea mchana kutwa bila haraka ya kutua. Jina la Bi Mafua walimpa wenzake kwa utani, na siku hizi aliitika hilo upesi kuliko jina lake. Ukutani kulikuwa na feni kubwa ya kuvuta vumbi. Iliharibika binti yake akiwa bado shule ya msingi, na kila walipoiulizia, msimamizi aliwajibu kwamba kipuri kiko njiani.

Pua yake ilikuwa imeziba miaka nenda miaka rudi. Kichwa kilimgonga juu ya nyusi, mashavu yalimuuma akiinama, na harufu alizisahau kabisa. Hayo yote aliyavumilia. Kilichomshinda ni mjukuu. Binti yake alipojifungua, kila aliyempakata mtoto alishusha uso utosini pake, akafumba macho, akasifia jinsi anavyonukia. Bi Mafua naye alishusha uso, akafumba macho, akasifia. Hakusikia kitu. Alirudi nyumbani akalia kwa uchungu, na kulia kukamziba zaidi.

Alikwishamaliza vidonge, dawa za kupuliza na maji ya chumvi. Daktari wa pua akamweleza kuhusu leza ya nguvu ndogo, mwanga mwekundu usiokata wala kuunguza, unaoelekezwa kwenye ngozi ili kutuliza uvimbe wa sainasi ndani. Hakumficha kwamba wengine hupata nafuu na wengine hawapati. Bi Mafua alilala kitandani, akavaa miwani myeusi, na daktari akamwekea kifaa chenye umbo la kalamu nene kwenye shavu moja, kisha la pili, kisha juu ya nyusi. Alihisi joto kidogo tu.

Baada ya kwenda mara kadhaa, mwanga ulibaki usoni mwake. Mashine ilizimwa, mashavu hayakuzimika. Daktari aliyatazama kwa karibu, akamuuliza kama yanamsumbua. Bi Mafua akajibu kwamba hayamsumbui. Basi daktari akaona hakuna haja ya kuyagusa, akamwita mgonjwa mwingine.

Nyumbani, mume wake, ambaye ni fundi saa, aliupenda mwanga ule kuliko taa yake ya mezani. Alimwomba ageuke kulia kidogo, akaendelea kukaza skrubu.

Harufu zilirudi mojamoja. Ya sabuni ilitangulia, ikafuata ya mkate, kisha ya viatu vya mume wake, ambavyo vilitolewa nje siku hiyohiyo bila mjadala. Alipoona pua imefunguka sawasawa, alikwenda kwa binti yake, na mkoba ukiwa bado begani akashusha uso utosini pa mtoto. Kulikuwa na maziwa, na jasho dogo la usingizi, na chini yake kitu kitamu kisicho na jina ambacho siku zote hizo wenzake walikuwa wakikifaidi peke yao. Alishukuru kwa sauti. Alimshukuru Mungu, akamshukuru daktari na aliyeunda mashine, akaishukuru hata rangi nyekundu. Binti yake alicheka mpaka mtoto akaamka.

Kiwandani, mwenzake mmoja wa chumba cha kujazia aliinama kumnong'oneza jambo, shavu likagusa shavu, na alipoinuka pua yake iliyoziba ilikuwa inapumua. Tangu hapo watu walipanga foleni saa ya chakula. Bi Mafua aliwapa shavu wote, bila kinyongo, huku akitafuna. Walimletea matunda. Mmoja alimfulia vitambaa vyake vyote, ambavyo hakuvihitaji tena.

Hatimaye alikuja tajiri mwenyewe, mwenye kiwanda. Naye aliegemeza shavu, akavuta pumzi ndefu, machozi yakamlengalenga.

"Mama, wewe ni baraka ya kiwanda hiki," alisema, na alisema kwa moyo wake wote.

Aliagiza Bi Mafua aletewe kiti chenye mto. Aliagiza pia feni ing'olewe, kwa kuwa haikuwa na kazi tena, na tundu lake lizibwe kwa matofali, maana mvua ilikuwa ikiingilia pale. Mwashi alimaliza kabla ya saa ya kutoka, na ukuta ukapendeza. Kiti nacho kilikuwa kizuri. Bi Mafua alishukuru, kwa sababu mgongo wake ulikuwa umekingoja siku nyingi.

Likizo ya uzazi ilipokwisha, binti yake alirudi kwenye nafasi yake ya zamani, humohumo kiwandani, chumba cha kujazia. Mchana mtoto alishinda na babu yake katikati ya saa zilizofunguliwa matumbo.

Jioni moja binti alifika kumchukua, akamnyonyesha kabla hata ya kuvua kitambaa cha kichwani, kisha akampa mama yake ambeulishe. Bi Mafua alishusha uso utosini. Maziwa yalikuwapo, na kile kitamu kilikuwapo. Juu yake ilikuwapo harufu nyingine, kavu, ya kukereketa koo. Ilikuwa harufu ya chumba cha kujazia.

"Ananukiaje, Mama?" binti aliuliza, kwa sababu alipenda kumsikia akisifia.

"Ananukia kama wewe, mwanangu."

Mtoto alipiga chafya. Bi Mafua alishukuru kwamba ana pua ya kulijua jambo hilo na mashavu ya kulitibu. Akamgeuzia mjukuu shavu la kulia, akangoja, kisha akamgeuzia la kushoto, na uso mdogo ukawa mwekundu vizuri. Kutoka mezani fundi saa alilalamika kwamba haoni skrubu zake.

"Ngoja," Bi Mafua alimwambia. "Kuna foleni."