Gunia la Hedmani Riungu

Siku Mwanarusi alipomwona Kivuti kwa mara ya kwanza, alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha bucha ya baba yake akitia viraka magunia ya chumvi. Ilikuwa Jumatatu. Nyama ilikuwa imekwisha mapema, na nzi walikuwa wamehamia kwenye kigogo cha kukatia. Kivuti alisimama mbele yake, suruali imelowa hadi magotini, matope ya mtoni yamemkaukia miguuni kama soksi, akaomba nusu ratili ya nyama isiyo na mafuta.

"Nyama imekwisha," Mwanarusi alimwambia.

"Basi nipatie ile ya kesho."

"Ya kesho bado inatembea."

"Nitangoja," alisema Kivuti. Akachuchumaa ukutani, akangoja kweli, mpaka filimbi ya kafyu ilipolia na kila mtu akakimbilia kijijini.

Bucha hiyo ilikuwa chini kidogo ya soko la Kianjokoma, pale njia ilipochepuka kuelekea kijito cha Kamwathu. Mzee Abdulatif alikuwa amehama Meru mjini na binti yake miezi michache tu baada ya Karimi, mjane wa ng'ambo ya kijito, kupasua firigisi ya kuku na kukuta ndani yake chembe tatu za dhahabu. Mwezi haukuisha kabla kingo zote mbili hazijatobolewa mashimo. Wanaume waliosha mchanga kwa makarai, na dhahabu waliyoipata wakaitia ndani ya bua la unyoya wa kuku, wakaliziba kwa nta. Miaka ile hapakuwa na kuku hata mmoja Kianjokoma aliyekuwa na mkia.

Ilikuwa pia miaka ya Hali ya Hatari. Waembu na Wameru walikuwa wameamriwa kuacha maboma yao na kuishi katika kijiji kimoja kilichozungukwa na handaki lenye miti iliyochongwa, na hakuna aliyeruhusiwa kutoka bila pasi. Mzee Abdulatif na binti yake, Waislamu wa mjini, hawakuhusishwa na amri hiyo. Wao walikwenda walikotaka. Pasi zilitolewa na Riungu, hedmani wa kijiji na mkuu wa homgadi, yaani askari wenyeji wa serikali, ambaye ndiye pia aliyegawa mashimo. Pasi ya kwenda kijitoni ilikuwa unyoya mmoja kwa wiki. Pasi ya kwenda mbali zaidi ilikuwa chochote ambacho Riungu angekitamani siku hiyo.

Na hata hivyo, kila Mwanarusi alipoikumbuka miaka ile baadaye, aliikumbuka kwa utamu uliomtia haya kidogo. Alikumbuka sauti ya makarai mia yakitikiswa kwa pamoja asubuhi, ukungu ukiwa bado umekaa juu ya majani chai ya watu wachache waliokuwa nayo. Alikumbuka moshi wa ndizi za kuchoma, na wanaume wakiimba kwa Kiembu nyimbo ambazo hakuzielewa mpaka Kivuti alipomweleza kwamba zote zilikuwa zinalalamikia maji baridi. Kivuti alinunua nyama kila siku, na kila siku alimpelekea mama yake, ambaye mwishowe alimuuliza ni ugonjwa gani huo. Mwanarusi alimsahihisha Kiswahili chake. Alimwambia husemi "nyama mingi". Siku iliyofuata Kivuti alikuja akasema, "Nipatie nyama nyingi," kwa uangalifu mkubwa, kisha akakumbuka kwamba alikuwa na pesa ya robo tu.

Siku moja alimletea unyoya uliozibwa.

"Hii si ya kuuza," alisema. "Hii ni ya kusikia. Tingisha."

Mwanarusi aliutikisa karibu na sikio. Ndani mlikuwa na sauti ndogo sana, kama mvua inayonyesha wilaya nyingine.

Mzee Abdulatif hakuwa mtu wa kelele. Aliponong'onezwa habari hiyo alinoa kisu chake taratibu, akamwita Kivuti ndani.

"Mwanangu, sina ubaya na wewe. Umesema utasilimu, Alhamdulillahi. Lakini wajomba zake huyu msichana wako Meru mjini, na posa hupelekwa kwao. Wewe ukitaka kwenda msalani huombi ruhusa ya serikali?"

"Naomba, mzee."

"Basi Meru utafika vipi?"

Kivuti alikwenda kwa Riungu kuomba pasi ya Meru. Riungu alimpokea vizuri. Alimpa kiti, akamuuliza hali ya mama yake, akamweleza kwamba safari ya Meru ni ndefu na bei yake ni shimo. Alilitaka shimo la Kivuti lililokuwa penye kona ya kijito, chini ya mti wa muringa, kwenye shamba la marehemu baba yake. Lilikuwa shimo bora kuliko yote.

"Hilo shimo ndilo mahari, hedmani," Kivuti alisema. "Nikikupa, naenda Meru kusema nini?"

"Utasema umefika," Riungu alimjibu.

Kivuti alikataa, akashukuru kwa kiti, akaondoka.

Kila Alhamisi ofisa wa wilaya alikuja na lori kuwachuja watu. Wanaume walipangwa mstari mbele ya ofisi ya hedmani, na mbele yao aliketi mtu aliyevikwa gunia lililotobolewa matundu mawili ya macho. Gunia likiinama mbele ya mtu, mtu huyo alikuwa ameapa kiapo cha wapiganaji wa msituni, na lori lilimpeleka kambi ya kizuizini. Likitulia, mtu alirudi kwake. Hapo mwanzo mlikuwa na mtu ndani, na wote walimjua kwa kikohozi chake. Mwezi wa Agosti mtu huyo alihamishiwa kambi nyingine, akaondoka na nguo zake, na gunia likabaki kitini. Alhamisi iliyofuata lilijinyoosha lenyewe likaendelea na kazi. Halikukohoa, na watu waliona afadhali. Posho yake iliendelea kutolewa kama kawaida, na Riungu aliipokea kwa niaba yake.

Mwanarusi alilitambua mara ya kwanza alipolitazama mchana. Karibu na pale ambapo pangekuwa na sikio la kushoto palikuwa na kiraka cha leso yake ya zamani, yenye maua mekundu. Lilikuwa gunia la chumvi ambalo Riungu alikuwa ameliazima bucha asilirudishe.

Siku ya Jumatano, aliposikia kwamba Riungu ameliandika jina la Kivuti, alingoja homgadi waende kula, akalipelekea kikombe cha chai ya maziwa. Alilikuta kivulini barazani, limeketi wima, peke yake.

"Wewe nimekushona mimi," aliliambia. "Kwa mikono hii. Nisikilize basi. Kesho watakuletea mtu anaitwa Kivuti wa Mithika. Huyo hajaapa kitu. Usiku yuko kijijini kama wengine, mchana yuko majini. Kosa lake ni shimo."

Gunia lilisogea kitini. Lilielekea upande wake kidogo, kama mtu mwenye sikio zito. Alipokichukua kikombe, chai ilikuwa imepungua nusu.

Kesho yake jua lilikuwa kali tangu asubuhi. Kivuti alisimamishwa mbele ya kiti. Gunia lilimtazama kwa muda mrefu, kisha likatikisa kichwa kushoto na kulia, jambo ambalo halikuwa limewahi kulifanya. Watu waliokuwa kwenye mstari walivuta pumzi.

"Halikusikia vizuri," Riungu alimwambia ofisa. "Tuliulize tena."

Liliulizwa tena, likakataa tena. Liliulizwa mara ya tatu na ya nne. Ofisa alivua kofia akajifuta jasho, akavaa. Wanaume waliambiwa waketi chini. Mwanarusi alisimama nje ya kamba pamoja na wake za watu, na kila gunia lilipokataa alihesabu kimoyomoyo. Lilipoulizwa mara ya tisa, jua likiwa utosini, liliinama. Haikuonekana kama hila. Lilionekana limechoka, jinsi ambavyo mtu yeyote angechoka.

"Limekataa mara nane, bwana," alisema Mzee Abdulatif kutoka nyuma ya kamba. Hakuwa amewahi kupaza sauti mbele ya ofisa.

Ofisa alitazama karatasi yake mbele na nyuma. Alieleza kwa Kiswahili chake cha shule kwamba fomu ilikuwa na mahali pa kuandika ndiyo. Pa kuandika hapana hapakuwepo. Akaandika, akapiga sahihi.

Kivuti alipitishwa karibu na kamba akielekea lorini. "Mwanarusi," alisema, "mwambie mama nyama itakosekana kidogo."

"Ngapi?" Mwanarusi aliuliza, maana alitaka kujua siku, naye akashindwa kulisema neno lenyewe.

"Kidogo," alisema Kivuti.

Ikawa miaka mitano.

Shimo la kwenye kona lilichimbwa na watu wa Riungu mpaka mizizi ya muringa ikaning'inia hewani. Mwaka wa tatu dhahabu ilikwisha kote kijitoni, makarai yakarudi kubeba udongo, na kuku wakaota mikia. Riungu alijenga nyumba ya mawe. Mzee Abdulatif alizeeka akarudi Meru, na Mwanarusi akabaki na bucha. Elmi, mwana wa mwenye malori, alimposa mara mbili, naye alimkatalia kwa upole mara zote mbili. Gunia lilipewa kiti cha mikono. Mwanarusi alipopita alilisalimu, kwani ilikuwa adabu, lakini lenyewe liligeuza uso kila mara likatazama ukuta.

Kivuti alirudi mwanzoni mwa mwaka wa sitini, amekonda, anatembea polepole. Hali ya Hatari ilikuwa imeondolewa, handaki limeanza kufukiwa. Alikuja moja kwa moja bucha akasimama mahali pake.

"Nusu ratili," alisema. "Isiyo na mafuta nyingi."

"Mengi," alisema Mwanarusi, akageuka kwa haraka kutafuta kisu ambacho alikuwa amekishika.

Wiki hiyo wazee wa kamati walikuwa wakipima mashamba na kuyaandikisha upya. Riungu alikuwa mwenyekiti, na gunia lilikuwa mjumbe. Zamu ya shamba la marehemu Mithika ilipofika, gunia liliulizwa ni la nani. Lilimtazama Kivuti, likamtazama Mwanarusi aliyekuwa kando yake. Kisha likainama upande wa Riungu, mara ya kwanza tu lilipoulizwa. Karani akaandika. Mzee mmoja akaomba wafunge mlango, vumbi lilikuwa linaingia.

"Ungesema waliulize tena," alisema Mwanarusi walipotoka nje.

"Mara ngapi?" aliuliza Kivuti.

Jumamosi walianza safari ya Meru, kuwaona wajomba. Mahari haikuwepo, lakini Mzee Abdulatif alikuwa ametuma neno kwamba waje hivyo hivyo, watu wakutane. Walikwenda kwa miguu hadi barabara kuu ambako malori yalipita. Asubuhi ilikuwa njema, na vilele vya mlima vilikuwa wazi. Kivuti alikuwa akimweleza habari za rafiki yake wa kambini aliyefuga panzi, na Mwanarusi alikuwa akicheka, walipofika darajani ambako zamani palikuwa na kizuizi cha askari wa kukagua pasi. Sasa hapakuwa na kitu. Hata nguzo zilikuwa zimeng'olewa.

Kivuti alisimama katikati ya maneno, miguu pamoja, mkono wa kulia juu ya mfuko wa shati.

"Twende," alisema Mwanarusi. "Pako wazi."

"Naona."

Lakini hakusogea. Lori lilisikika kwa mbali likipanda mlima, na ndilo lililokuwa lao. Mwanarusi alilisikiliza likija, likapita upande wa pili wa daraja, likaenda zake. Hakumvuta. Alishusha kikapu chake chini, akasimama kando yake, wakangoja kwa muda ule ule ambao askari asiyejua kusoma vizuri angetumia kuisoma karatasi mpaka mwisho.