Kizingiti cha Mninga

Saa kumi alasiri Bi Marsiana alikuwa ameketi kwenye kigoda, ndani kidogo ya mlango wa nyumba yake ya mtaa wa Ng'ambo, akipepeta michembe kwenye ungo. Viazi vitamu vikishakatwa na kuanikwa vikakauka, havina haja ya kupepetwa mara ya tatu, lakini mikono ikikosa kazi hukumbuka uzee. Mbele yake kizingiti cha mninga kilikuwa kimefika usawa wa magoti. Krismasi iliyopita kilikuwa usawa wa kifundo cha mguu, kama vizingiti vya watu wengine.

Kilianza kupanda siku ile alipoteleza mtaroni. Barabara ilipowekwa lami, mtaro mrefu ulichimbwa mbele ya nyumba, ukawekewa ubao mmoja wa kuvukia, na aliyeuweka bila shaka hakuwahi kuwa na bibi. Marsiana hakuvunjika popote. Mguu ulivimba tu. Jioni mwanawe Deus akamwambia, "Pumzika kwanza, mama." Kizingiti kikapanda kidole kimoja. Kesho yake Imakulata, mke wa Deus, akampokea ndoo. "Pumzika mama, mimi nipo." Kidole kingine. Padri naye akasema asihangaike na kanisa, ataletewa komunyo nyumbani, yeye apumzike. Padri ni mtu mzito, kikapanda viwili.

Deus aliita seremala. Seremala akakipiga randa mpaka maranda yakajaa ndoo, Imakulata akayawashia jiko. Kizingiti kikawa chini kabisa, safi. Seremala akafuta jasho, akasema, "Haya bibi, sasa wewe pumzika tu," kikarudi palepale. Akaeleza kuwa mninga ndivyo ulivyo, ukishaizoea nyumba hauchongeki. Deus aliridhika na maelezo hayo.

Marsiana alitaka kitu kimoja tu, kufika Ipuli. Huko ndiko alikolala mgonjwa Advera, mwenzake wa kuuza michembe sokoni tangu wote wawili wana meno. Walikuwa wameahidiana kwamba atakayetangulia kulazwa na ugonjwa, mwenzake aje aketi kitandani amseme mpaka acheke. Ipuli si mbali. Bajaji hufika kabla abiria hajamaliza kumgombeza dereva. Lakini bajaji haiingii mpaka sebuleni.

Kitu pekee kilichoweza kukishusha kizingiti ni matusi ya Mzee Adinani.

Adinani alikuwa Mzaramo, mstaafu wa reli aliyesahau kurudi kwao. Babu za Wazaramo na babu za Wanyamwezi walikutana kwenye njia ya misafara, wakabebana, wakaibiana, wakazikana, na wajukuu wakaachiwa utani. Kwa hiyo Adinani alikuwa na haki ya kumtukana Marsiana popote, hata mlangoni pa kanisa, na Marsiana hakuwa na haki ya kununa.

"We kizee!" alipaza sauti kutoka upande wa pili wa mtaro. "Bado hujafa? Nimekuja na sanda bure!"

"Ivae mwenyewe, hiyo kanzu yako imetoboka makalioni."

"Babu yako alibeba pembe mpaka Bagamoyo kwa miguu. Wewe unashindwa na kipande cha mbao!"

"Na wako alikuwa kakaa kulekule pwani anamngoja amuuzie maji. Kukaa mnajua!"

Kizingiti kikashuka vidole viwili, taratibu, kikilia kama bawaba kavu.

"Advera anakuulizia," Adinani akasema. "Anasema labda umeota mizizi."

"Mwambie nikifika namnyang'anya blanketi."

Akawa anakuja kila alasiri. Ulipofika mwezi mpya kizingiti kilikuwa kimerudi karibu na kifundo cha mguu. Marsiana akakinyoosha kitenge chake cha safari, akakitundika kwenye msumari. Ijumaa akamwambia, "Mtani, Jumatatu uje na bajaji. Nakwenda Ipuli."

Imakulata alisikia akiwa jikoni. Utani aliujua, ila aliona una umri wake. Mtu wa presha hatukanwi.

Jumatatu Adinani alikuja bila bajaji. Hakupaza sauti. Alivuka ubao polepole, akavua kofia.

"Habari za mchana, dada yangu. Afya inaendeleaje?"

Marsiana akauweka ungo chini. Huyu mtu alikuwa amemwita mchawi, kunguru, gunia la mahindi yaliyobunguliwa. Dada, hajawahi.

"Inaendelea," akasema.

"Basi vizuri. Pumzika, dada."

Kizingiti kikapanda mpaka kifuani, kwa mara moja, bila mlio.

Marsiana alikuwa amesimama. Akamtazama juu ya mbao. "Adabu hiyo umeiazima kwa nani? Advera kazikwa lini?"

Adinani akautazama mtaro. "Jumamosi. Deus kaniomba nisikwambie. Na nisikupigie kelele tena. Presha yako."

"Matanga?"

"Yameanuliwa jana."

Bodaboda ikapita barabarani. Marsiana akangoja mlio wake uishe.

"Kaburini ulimtania?"

"Nililala mle ndani. Nikawaambia sitoki mpaka mnipe kuku."

"Wakakupa?"

"Jogoo. Mwembamba kama wewe."

Kizingiti kikashuka kidole kimoja, kikasimama hapo.

Deus aliporudi jioni alikiona, akauliza kama mama amekula. Safari hii hakumsumbua seremala. Alileta mwashi, akajenga ngazi mbili upande wa nje, ili Imakulata asipate tabu kupitisha sahani. Majirani walizipanda ngazi kuja kusalimia, wakasema Bi Marsiana anatunzwa, hata jua halimpigi. Kila mmoja akashuka baada ya kumwambia apumzike.

Adinani bado huja alasiri. Siku hizi husema chinichini, kwa sababu Imakulata yupo jikoni. Hupanda ngazi, huweka kidevu juu ya mbao.

"We kunguru, bado upo?"

"Nakungoja utangulie."

Mbao hushuka kidole. Jioni Deus hurudi kutoka kazini, huegemea palepale, huuliza, "Umepumzika, mama?"

"Nimepumzika."

Mbao hupanda kidole.

Kitenge bado kipo kwenye msumari. Michembe sasa anaianika Imakulata, juu ya kizingiti. Ni kipana, kinapata jua mchana kutwa, tena kuku hawakifikii.