Vyombo vya Wageni

"Ingiza polepole," Redio alisema. "Maji hayana haraka."

Wifi yake akauma pindo la shuka, akatumbukiza mkono kwenye beseni. Kidole gumba kilikuwepo, na cha pembeni yake. Vingine vilibaki kwenye presi ya vifuniko vya makopo. Chini ya kitambaa kulikuwa na harufu ambayo mle ndani walishaacha kuitaja, kama watu wanavyoacha kumtaja jamaa aliyefungwa. Maji ya chumvi yakageuka rangi ya chai ya rangi.

"Iseme hiyo sentensi yako ya Kiingereza," wifi alisema, meno yamebana. "Nikiisikia, maumivu yanapata cha kusikiliza."

Redio akaitoa kama mtu anayepita na ndoo iliyojaa. "The cover was removed by the supervisor."

"Kwa lugha ya watu?"

"Kava liliondolewa na supavaiza."

"Basi? Ndiyo yote?"

"Ndiyo yote. Fupi, lakini ina mfupa."

Wifi akacheka kidogo, kisha akaacha, maana kucheka nako kulifika mkononi.

Redio walimwita hivyo kiwandani kwa sababu hakai na habari. Supavaiza wao walimwita Bisibisi, kwa ile bisibisi ya mpini mwekundu aliyoichomeka mfuko wa kifuani. Kila presi ilikuja na kava la waya, la kuuzuia mkono usiingie chuma kinaposhuka. Lakini kava ni lazima uliinue kabla ya kuweka bati, ulishushe, uliinue tena, na ofisi haikutaka mkono unaopumzika. Kwa hiyo Bisibisi aliyafungua yote, moja baada ya jingine, akayatia stoo. Yalitoka siku wanunuzi wa nje walipokuja kutazama kiwanda. Wakiondoka, yanarudi stoo. Wafanyakazi waliyapa jina: vyombo vya wageni.

Wifi alipoumia, ofisi ilisema kava alilitoa mwenyewe. Aliyejiumiza kwa utundu wake, ajitibu kwa utundu wake. Zahanati ya kiwanda ikamfungia mlango. Dada wa zahanati alimnong'oneza Redio dirishani: kuoza kunapanda, mkono unataka kisu cha hospitali kubwa, na huko anapelekwa yule tu ambaye ofisi imekubali kuwa aliumia kazini. "Ukichelewa, shangazi, hawatakata mkono. Watakata bega."

Wageni walikuwa njiani. Safari hii, ofisi ilisikia, walitaka kuona wafanyakazi wanavyoendelezwa. Ndipo Mwalimu akaletwa, kijana wa shule ya msingi mwenye shati lililochakaa kola, na baada ya zamu watu wakaketishwa kantini kujifunza Kiingereza.

"Leo ni mambo yaliyopita, na yaliyotendwa," Mwalimu alisema. "Nifuateni. The floor was swept. Sakafu ilifagiliwa."

Wakamfuata kwa sauti ya watu wenye njaa.

"The machines were cleaned. Lunch was served. Chakula cha mchana kiliandaliwa."

"Mwalimu," mzee wa mapipa akanyoosha mkono, "kiliandaliwa wapi hicho? Nipite nikione."

Kantini ikalipuka. Bisibisi, aliyekuwa ameegemea mlango, hakucheka.

"Aliyekiona ameshiba, mzee. Mwalimu, endelea."

"Katika sentensi hizi," Mwalimu akaendelea, akifuta kisichohitaji kufutwa ubaoni, "aliyetenda unaweza kumwacha."

"Na tukitaka kumtaja?" Redio aliuliza.

Mwalimu akatazama mlangoni kabla ya kujibu. "Mnaongeza 'by'. Kisha mtu mwenyewe."

Darasa lilipoisha Redio alimfuata hadi bombani. Mwalimu alikuwa ananawa chaki, mgongo kwake.

"Nataka sentensi moja, mwanangu."

"Mama, nimeshajua unataka ipi."

"Basi usinisumbue kuieleza."

"Nina watoto."

"Na mimi nina wifi."

Bomba likatiririka. Mwalimu akaisema sentensi ile kwenye maji, mara moja, tena, na tena, mpaka Redio akaishika. "Usiseme nimekufundisha mimi."

"Nitasema nimefundishwa na nani, bomba?"

Siku ya wageni, makava yalikuwa yamefungwa kwenye presi zote, yamefutwa kwa mafuta ya taa, yanang'aa kama meno ya bandia. Watu walifanya kazi taratibu, kwa adabu ya msibani. Presi ya wifi ilisimama bila mtu, nayo imevishwa kava.

Kisha kantini. Mgeni mkubwa alikuwa mama wa makamo mwenye miwani na uso wa huruma, na Redio alipouona uso ule moyo wake ulisimama wima. Huyu atasikia. Mwalimu akaongoza: sakafu ilifagiliwa, mashine zilisafishwa. Mgeni akauliza kitu. Meneja wa kiwanda, aliyekaa kando yake, akageuka: "Anasema, nani anaweza kutunga yake mwenyewe?"

Redio alikuwa ameshasimama. Alimwelekezea Bisibisi kidole, mkono wote ukiwa umenyooka, na kuitoa sentensi yake bila kumwaga hata tone.

"The cover was removed by the supervisor."

Bisibisi akaigusa bisibisi yake kifuani.

Mgeni akapiga makofi. Wenzake wakapiga. Meneja akapiga, na meneja akipiga kila mtu hupiga.

"Anasema hiyo haina kosa hata moja," meneja alitafsiri. "Anasema umefanya vizuri kutumia vitu vya kazini kwako. Anauliza kama unayo nyingine."

"Mwambie si zoezi, bwana meneja. Mwambie wifi yangu anaoza."

Meneja alimgeukia mgeni na kusema Kiingereza kirefu, cha tabasamu. Mgeni akaweka kiganja kifuani, machozi yakamlengalenga. Akafungua mkoba, akatoa kalamu ya kung'aa, akaifumbatisha mkononi mwa Redio kwa mikono yake yote miwili.

"Umemwambia nini?" Redio aliuliza.

"Nimemwambia unashukuru."

Redio akamtafuta Mwalimu. Mwalimu alikuwa anaitazama chaki yake.

Vumbi la magari ya wageni lilikuwa halijatua, na tayari makava yalianza kurudi stoo. Bisibisi alikwenda presi kwa presi akipiga mluzi. Ya wifi aliiacha ya mwisho.

"Redio! Njoo. Kuanzia leo hapa ndipo kwako."

Alikuja. Kwenye kitako cha presi kulikuwa na doa jeusi ambalo mafuta ya taa hayakulitoa. Akangoja kava lifunguliwe. Bisibisi akamwelekezea mpini mwekundu.

"Toa."

"Mimi?"

"Kwani mama, Kiingereza umekiweza, bisibisi ikushinde?"

"Hiyo ni kazi yako."

"Wafanyakazi wawili ni wengi kwa nyumba moja, eti? Maana mmoja tayari amekaa nyumbani, hana kazi. Mkitaka kukaa wote, semeni."

Redio akaipokea. Skrubu zilikuwa laini, zimezoea kutoka. Watu walisimamisha presi zao, wakatazama, hakuna aliyekuja. Kava likamlalia kifuani kama mtoto aliyesinzia. Akaliweka sakafuni.

"Wote mmeona aliyelitoa?" Bisibisi aliuliza. Hakungoja jibu. "Mwalimu! Njoo hapa. Kuna sentensi ilikosewa mbele ya wageni. Isahihishe."

Mwalimu alikuja na mkoba wake kwapani, tayari kwa kwenda nyumbani. Alitazama kava sakafuni. Alitazama bisibisi mkononi mwa Redio.

"Mwalimu," Redio akasema taratibu. "Mwanangu."

"The cover," Mwalimu alisema, akakohoa, "was removed by the worker."

"Wote!" Bisibisi akapaza. "Kantini mlikuwa mnaimba vizuri."

Ikaanza chini, upande wa mapipa, ikapita kwa wapaka rangi, ikaja mstari kwa mstari, sauti za watu aliokula nao na kuzika nao. *Was removed by the worker.* Bisibisi akachukua chombo chake, akakirudisha mfukoni, akabonyeza swichi. Presi ikapumua.

Redio akachukua bati.

"Ingiza haraka," Bisibisi alisema.