Bomba Lililopindwa Pangoni

Fundi wa kuchomelea vyuma alistaafu bila mkewe kuwahi kuiona kazi aliyoisifia kuliko zote: ngazi na vyuma vya kushikilia ndani ya pango la mawe ya chokaa. Alipoisimulia, mke, ambaye ni mshonaji, aliitikia huku miguu ikiendelea kukanyaga cherehani. Hakumbishia, ila moyoni alijua mumewe ni mtu wa kutia chumvi.

Mwaka huu binti yao akawakatia tiketi za kuingia pango lile. Wakavalishwa kofia ngumu, wakajiunga na watalii wengine kumi na wawili nyuma ya kiongozi, kijana mcheshi mwenye tochi.

Mshonaji alishuka kwa tahadhari, mkono haubanduki kwenye chuma. Pembeni, mawe yalining'inia kama nguo zilizoanikwa, maji yakidondoka toka nchani. Kila penye kiungo cha vyuma, mumewe alikipapasa kwa kidole gumba na kupita.

Kwenye kona ya tatu kiongozi akasimama. "Mnaona bomba hili la kushikilia lilivyojikunja bila sababu? Nadhani fundi alikosea vipimo."

Watu wakacheka. Fundi akacheka nao, akainamisha kichwa. Mkewe hakucheka.

"Hakukosea," alisema. "Fundi mwenyewe ni huyu hapa. Muulize."

Fundi akakohoa kidogo. "Mulika pale nyuma ya kona, mwanangu."

Mwanga ukaangukia jiwe jembamba lililosimama sakafuni, refu kufika kiunoni, bichi kwa maji.

"Msimamizi alitaka tulikate ili bomba linyooke," alisema fundi. "Nikamwambia, hili limekuwa likikua tone kwa tone tangu babu zetu hawajazaliwa, mimi nilimalize kwa dakika moja? Akasema basi nitafute njia yangu. Moshi haukuruhusiwa humu, kwa hiyo nilipinda bomba kwa moto kule nje, nikalibeba begani mpaka hapa, nikalijaribu, halikukaa. Nikalirudisha. Safari ya tano ndiyo likakaa."

Tone likadondoka juu ya jiwe. La pili likafuata.

"Mzee wangu, nisamehe," kiongozi alisema. "Miaka minne nawachekesha watu kwa kazi yako."

"Hukujua. Sasa unajua."

Mke alimtazama mumewe chini ya ile kofia iliyomkaa upande. Alitaka kumwambia jambo, akaishia kumfungia mkanda wa kofia vizuri, mbele za watu, kama anayemwandaa bwana harusi.

Walipotoka juani, kundi jingine lilikuwa linasubiri. Kiongozi akamwomba fundi ashuke nalo, awaeleze mwenyewe. Fundi akamgeukia mkewe. "Tutachelewa basi."

"Litakuja jingine," alisema mshonaji, akaketi kwenye benchi. "Nenda. Na uongee kwa sauti, wa nyuma nao wasikie."